Hakuna Aliyekuibia: Neno Moja Linalotugharimu Mezani

Mwaka jana, wiki moja kabla ya mitihani, nilipoteza dola 10 usiku mmoja kwenye simu. Pesa hiyo nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya silabusi ya isimujamii. Sikuipoteza kwa kukosa karata. Niliipoteza kwa sababu mtu nisiyemjua, aliyekaa viti viwili kulia kwangu kwenye meza ya watu 6, alikuwa "ananiibia", nami nikaapa mbele ya wenzangu wawili wa chumba kwamba hataniibia tena.

Ninataka kusema kuhusu neno hilo. Najua baadhi ya walimu wetu watashangaa kuikuta poka katika jarida la kitivo cha lugha, na wana haki. Mimi simshawishi mtu yeyote aanze kucheza. Lakini katika korido yetu ya homu peke yake nawajua wenzangu 7 wanaocheza meza za senti umeme unapokuwapo na mega zinapotosha, na karibu wote wanapoteza pesa mahali pamoja, kwa kosa moja. Kosa hilo, nitakavyojaribu kuonyesha, limeanzia kwenye sarufi kabla ya kufika kwenye hesabu. Kwa hiyo ni letu.

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kwa ufupi. Katika poka ya Texas Hold'em kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kwa hatua: tatu, moja, moja. Kabla ya kuziona karata zao, watu wawili wanalazimika kuweka pesa. Hizo ndizo blindi, kwa maana unaziweka ukiwa gizani. Kwenye meza zetu ndogo blindi ndogo ni senti 1 na kubwa ni senti 2, na mtu huketi na dola 2 mbele yake. Zamu hiyo huzunguka, kila mtu huipata. Wengine wote wanaweza kutupa karata zao bila kulipa chochote. Sasa, wakishatupa wote mpaka ibaki nafasi ya mgawaji, ile tunayoiita butoni, yule aliyekaa pale anawakabili watu wawili tu, tena watu ambao hawajachagua kuingia. Anaweza kupandisha dau hadi senti 5 akiwa na karata yoyote, hata takataka, akitumaini kwamba hao wawili watatupa. Wakitupa, anaokota senti 3 bila hata karata moja ya katikati kufunuliwa. Kifaransa huita hivyo kuiba blindi, Kiingereza pia, na sisi tumeipokea tafsiri bila kuipima. Mwenye blindi akikataa kutupa, tunasema anaitetea.

(Wengine kwetu Lubumbashi husema "mablindi". Mwalimu wa mofolojia atafurahi: ngeli ya ma- haijashiba bado.)

Tukitazame kitenzi chenyewe. Mwenzangu anapopiga kelele kitandani, "Ameniibia blindi yangu!", ametoa madai matatu kwa pumzi moja. Kimilikishi "yangu" kinadai kwamba senti zile mbili ni mali yake. Kauli ya kutendea, pamoja na kiambishi -ni- kilichopachikwa mbele yake, inadai kwamba yeye ndiye aliyetendewa, kwamba jambo lile lilielekezwa kwake binafsi. Na mzizi -ib- unadai kwamba kosa limefanyika, na kosa hudai adhabu. Hakuna hata dai moja kati ya hayo lililo kweli. Senti zikishawekwa katikati ni za chungu, na chungu hakina mwenyewe mpaka mkono uishe. Yule aliyepandisha hamjui mwenzangu hata kwa jina. Tena ameweka senti 5 zake hadharani, na kwa kufanya hivyo ameuliza swali la bei.

George Lakoff na Mark Johnson, katika kitabu chao cha 1980 kuhusu sitiari tunazoishi nazo, walionyesha jinsi watu wanavyozungumzia mabishano kwa maneno ya vita, na jinsi maneno hayo yanavyoamua namna wanavyobishana. Tunawasoma na kuwanukuu katika mitihani. Kisha jioni tunafungua simu, tunasema "mwizi", na mkono unakwenda wenyewe kufanya kile ambacho mtaani hufanyiwa mwizi.

Hebu tulifikirie soko la Kenya hapa mjini. Mama anayeuza lengalenga hulipa ushuru wa soko asubuhi, kabla hajauza hata fungu moja. Mteja akija saa nne kubishana naye bei, sijawahi kumsikia mama huyo akilia, "Huyu ananiibia ushuru wangu." Ushuru umekwenda. Swali lililobaki mbele yake ni moja: kwa bei hii niuze au niache? Blindi ni ushuru wa asubuhi. Umelipa ili ukae mezani. Mtu akipandisha, acha kuiwazia senti ile, uitazame bei.

Na bei huhesabika. Mtu wa butoni akipandisha hadi senti 5, na mwenye blindi ndogo akitupa, katikati pana senti 8: moja, mbili, na tano. Mwenye blindi kubwa anatakiwa kuongeza senti 3 ili abaki. Analipa 3 kugombea chungu kitakachofika 11. Tatu katika kumi na moja ni asilimia 27. Kwa lugha ya sokoni, anauziwa bidhaa kwa bei ambayo haimdai kushinda hata mara moja katika kila tatu. Hiyo ni bei nzuri sana, na ndiyo maana wale wanaotupa kila kitu isipokuwa asi na wafalme wanakosea. Mtu anayetupa blindi zake zote hupoteza senti 3 kila mzunguko wa mikono 6, yaani senti 50 hivi katika kila mikono 100, robo nzima ya dola 2 alizoketi nazo. Hakuna karata nzuri zitakazomfidia.

Upande wa pili nao una hesabu yake. Anayepandisha anahatarisha 5 ili apate 3. Akifaulu papo hapo zaidi ya mara 62 na nusu katika 100, anapata faida hata kama amefunga macho. Tuseme mwenye blindi ndogo hutupa mara 85 katika 100, jambo la kawaida. Basi mwenye blindi kubwa akitupa zaidi ya mara 74 hivi, yule bwana ameshafaidika kabla ya mchezo kuanza. Hapo ndipo ukweli wa neno "kutetea" ulipo, na sitaki kuukana: ni lazima watu wa blindi wakatae mara za kutosha, la sivyo butoni inageuka kiwanda cha pesa. Na kukataa si lazima kulete faida. Ukitupa, mkono ule umekugharimu senti 2 kamili. Ukifuata na kwa wastani ukapoteza senti 1, umeokoa senti 1. Hata wachezaji hodari, kwa muda mrefu, hupoteza pesa wakiwa kwenye blindi. Wanachofanya ni kupoteza kidogo kuliko sisi. Jambo hili mwenye kiburi halimwingii, kwa sababu nani hutetea nyumba yake ili aibiwe kiasi?

Nirudi kwenye usiku wangu. Yule bwana alipandisha kutoka butoni mara nne mfululizo, nikatupa mara nne. Mara ya tano nilikuwa na mfalme na 4 za rangi tofauti. Nikafuata, huku nikiwatazama wenzangu ili waone. Karata tatu za katikati hazikunipa kitu. Akaweka, nikafuata. Akaweka tena, nikamtupia dola 2 zote, kwa sababu "hawezi kuwa na kitu kila mara". Alikuwa na 10 mbili. Nikanunua tena, na tena, mara 5 kwa jumla. Baadaye, umeme ulipokatika na hasira ikapoa, ndipo nilipopitia rekodi ya mikono ile na kuona jambo lililoniaibisha kuliko hasara yenyewe: tangu mara ya pili niliponunua, yule mtu alikuwa ameacha kabisa kupandisha kwa takataka. Alishaona kwamba nafuata kila kitu. Akawa anangoja karata nzuri, na mimi namlipa. Nilikuwa nikipigana na mwizi aliyekwisha ondoka.

Tena, je, alikuwa "mwizi" hata mwanzoni? Mchezaji anayepandisha kutoka butoni kwa karata 45 katika kila 100 ni mtu wa kawaida kabisa, kiti kile ndivyo kinavyochezwa. Mtu wa namna hiyo, akipewa nafasi nne za kupandisha, atazitumia zote nne mara 1 hivi katika kila 24. Ukikaa mezani usiku kucha, si ajabu kuliona jambo hilo likitokea. Kwenye meza ya watu 6 kila mtu hufika butoni mara moja tu katika mikono 6, kwa hiyo mikono 60 inakupa ushahidi wa mara 10, na nyingine kati ya hizo atakuwa ametanguliwa na mtu mwingine. Hasira yangu ilitoa hukumu baada ya mara nne. Katika somo la mbinu za utafiti ningepewa sifuri, na ningestahili.

Wapo waliojifunza hesabu nusu, nao ni hatari zaidi. Asistanti mmoja aliniambia, kwa ucheshi lakini akiamini, kwamba 7 na 2 za rangi tofauti, karata zinazodharauliwa kuliko zote, hushinda mara 35 hivi katika 100 dhidi ya karata mbili zozote. Bei ni 27. Basi kwa nini usifuate kila kitu? Kwa sababu mara hizo 35 ni za kufika mwisho, kuziona karata zote tano za katikati bila kulipa zaidi. Na hutafika. Wewe wa blindi ndiye unayesema kwanza kuanzia karata za katikati zinapofunuliwa. Yeye anasikia neno lako kabla ya kutoa lake, na kila anapoweka pesa, 7 na 2 yako inalazimika kuondoka ikiwa bado na nafasi ya kushinda ambayo umeshailipia. Karata zinazoweza kwenda safari ndefu ni nyingine: jozi zote, asi nyingi (wenzetu wa pwani huiita ree), 8 na 7 za shupaza, malkia na 10. Tisa na 3 zitupwe, na mwenye kuzitupa asione aibu.

Usisahau kamisheni. Meza nyingi hukata karibu asilimia 5 ya chungu, na nyingi hazikati kitu ikiwa mkono umeisha kabla ya karata za katikati kufunuliwa. Kwenye chungu chetu cha senti 11 hiyo inaipandisha bei kutoka 27 hadi karibu 29. Ni kidogo, lakini inatosha kuzitoa karata za mpakani. Vitabu vingi na masomo ya wakubwa yameandikwa kwa ajili ya meza za pesa nyingi, ambako kamisheni ni nyepesi ikilinganishwa na chungu. Mwanafunzi anayenakili mizani yao kwenye meza ya senti ananunua bidhaa bila kuhesabu nauli. Kamisheni hiyohiyo ndiyo inayofanya kupandisha juu ya aliyepandisha kuwe na nguvu kwetu: akitupa, mkono umeisha, hakuna anayekatwa. Lakini nako kuna bei. Ukipandisha hadi senti 20 kutoka blindi kubwa, unaongeza 18 ili upate 8 zilizopo, hivyo akitupa chini ya mara 69 katika 100 unahitaji karata zinazoweza kujitegemea. Ndiyo sababu wajuzi huchagua asi na 5 za rangi moja kwa kazi hiyo. Asi moja ikiwa mkononi mwako, njia za yeye kuwa na asi mbili zinashuka kutoka 6 hadi 3, na akifuata bado una njia ya kujiokoa.

Kuhusu blindi ndogo sina mengi. Mwenye kiti hicho anaongeza senti 4 badala ya 3, nyuma yake yuko mtu ambaye hajasema, na baadaye atasema wa kwanza daima. Apandishe au atupe. Kufuata pale ni tabia tu.

Hasara kubwa ya watetezi, hata hivyo, huja baadaye. Karata mbili zisizo jozi hupata angalau jozi kwenye karata tatu za kwanza mara 1 katika 3 hivi. Mtetezi wa kawaida hufuata kwa ujasiri kabla, kisha hutupa kila anapokosa, yaani mara 2 katika 3. Mpinzani akiweka senti 5 kwenye chungu cha 11 anahitaji kufaulu mara 31 tu katika 100. Kwa hiyo yule aliyekataa "kuibiwa" senti 2 sasa anaacha senti 5 kwa adabu. Ni kama kulipa nauli ya basi hadi Likasi na kushuka kwenye kizuizi cha kwanza. Ukinunua mkono, ununue na nia ya kuendelea mara kwa mara ukiwa na jozi ndogo au karata zinazokaribia kukamilika, na wakati mwingine kumpandishia yeye. Bila nia hiyo heri utupe mapema. Ni neno "kutetea" linalotuficha jambo hili, kwa sababu linatufanya tuone kazi imekwisha mara tu tulipofuata. Mlango umefungwa, mwizi hakuingia, tumelala.

Mwaka 2019 watafiti wa Carnegie Mellon na Facebook walitangaza programu iitwayo Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu 6. Ilijifunza kwa kucheza na nakala zake yenyewe. Huifikiria nikiwa na hasira: haina kimilikishi. Ikiwa kwenye blindi, inapima tu kipi kati ya kutupa, kufuata na kupandisha kitakacholeta zaidi kwa wastani kuanzia sasa.

Mwalimu mmoja niliyemwonyesha rasimu ya makala haya alinipinga vizuri. Mchezaji wa dama, alisema, "hula" kete za mwenzake bila njaa, na hakuna anayekimbilia jikoni. Kwa nini "kuiba" tu ndiko kuwe na sumu? Nimelifikiria. Kete iliyoliwa ilikuwa kweli yangu mpaka dakika ile, na kuliwa kwake hakunipi wajibu wa kulipiza. Wizi unanipa wajibu huo. Jamii nzima imenifundisha tangu utotoni nifanye nini nikiibiwa, na nani ataniona mjinga nisipofanya. Sitiari ya kula imepoa, ile ya wizi bado ina moto. Hakukubali kabisa, nami sikumaliza kumshawishi.

Mwenzangu wa chumba ana pingamizi la mtaani zaidi: ukiacha ipite, watakujua wewe ni dhaifu. Watakujua nani? Wanaona jina la kubuni na mara ulizotupa. Wakikuona unatupa mno watapandisha zaidi, ni kweli, na hapo utafuata kwa karata zaidi kuliko jana. Jibu linatoka kwenye idadi uliyoandika, nayo huhitaji mikono mingi. Nimeweka daftari. Safu moja: mara alizofika butoni akiwa wa kwanza kuingia. Safu ya pili: mara alizopandisha. Chini ya mara 20 sisemi kitu juu ya mtu.

Kuhusu istilahi, nina pendekezo la kiasi. "Blindi" ibaki, imeshazaliwa kwetu, ingawa "dau la lazima" lingesema ukweli zaidi. Badala ya "kuiba" tuseme "kupandisha kutoka nyuma", au yeyote mwenye neno fupi zaidi alilete. Badala ya "kutetea", tuseme "kununua". Nimelijaribu hilo la mwisho katika korido yetu tangu mwezi wa kwanza. Halijashika kwa wote. Wiki iliyopita mmoja wetu alipiga kelele kama kawaida yake, "Huyu ananiibia tu!" Jirani yake, bila kuinua macho kwenye silabusi, akamwuliza, "Bei?" Kukawa kimya kidogo. "Tatu kwa nane." "Una nini?" Alikuwa na 9 na 3. Akacheka, akatupa.